Mtambo wa Upepo wa Mapipa, Jambiani: Shajara ya Kusi ya 2024

18 Februari

Naanza shajara hii kabla ya kukata kitu chochote, kwa kuwa najijua: nikishashika grenda siandiki tena. Mradi ni mtambo wa upepo wenye mhimili wa wima, utakaosimama pembeni mwa banda la baba mdogo hapa Jambiani, mashariki ya Unguja, ambamo nyavu hushonwa na mashine za boti hufunguliwa. Banda halina laini ya umeme. Lina paneli moja ya jua ya wati 50 na betri ya gari iliyokwisha kuchoka, na katika siku za mawingu ya masika taa huzimika kabla watu hawajatoka kusali Isha.

Nyumbani umeme tunao. Hata hivyo, kila mtu wa rika langu anaikumbuka Desemba 2009, waya wa baharini unaoleta umeme kutoka bara ulipokufa na Unguja ikakaa gizani hadi Machi 2010. Na hiyo ilikuwa mara ya pili, kwani Mei 2008 tulikwisha kukaa karibu mwezi mzima namna hiyohiyo. Baba mdogo hulikumbusha lile giza kila inapozungumzwa habari ya umeme. "Upepo lakini haukukatika hata siku moja," husema, na mimi nimechoka kumsikia akisema hivyo bila ya kulifanyia kazi neno lake.

Nimechagua mhimili wa wima kwa sababu ya tabia ya upepo wetu. Kaskazi huvuma hadi Machi, kisha kinakuja kipindi cha tanga mbili ambapo upepo hauna mwenyewe, asubuhi matlai na jioni pengine kimya kabisa, ndipo kusi ishike na kukaa hadi Septemba. Mtambo wa mapanga matatu, ule wa kawaida, lazima uwe na mkia wa kuugeuza uelekee joshini, upepo unakotoka, pamoja na kifaa cha kupitisha umeme kwenye shingo inayogeuka bila waya kujisokota. Wa wima hauulizi upepo unatoka wapi. Si jambo jipya hata kidogo: al-Masudi, msafiri yuleyule aliyefika pwani hii ya Zanji mwaka 916, aliandika kuhusu Sijistan, nchi ya upepo na mchanga, ambako upepo ulisaga nafaka na kuteka maji, na vinu vya wima vya namna hiyo bado vimesimama Nashtifan, mashariki ya Iran. Naye James Blyth alipofua umeme kwa upepo huko Scotland mwaka 1887, ili kujaza betri za taa za nyumba yake, mtambo wake nao ulikuwa wa wima, wenye matanga ya nguo.

Umbo nitakalolifuata ni la Sigurd Savonius, mhandisi wa Finland aliyelibuni katika miaka ya 1920. Unalipasua pipa mapande mawili kwa urefu, kisha unayatelezesha ili kila pande lielekee upande wake, kama herufi S ukiyatazama kutoka juu. Upepo unaoingia tumboni mwa pande moja husukuma kwa nguvu inayokaribia maradufu ya ule unaopiga mgongo wa pande la pili, na tofauti hiyo ndiyo inayozungusha. Hakuna panga la kuchonga wala hesabu za pembe.

14 Aprili

Ramadhani ilipita bila kazi kubwa, isipokuwa kuzunguka kutafuta vitu. Baada ya Idd nimekaa chini na kuorodhesha nilivyonavyo.

Mapipa ni mawili, ya plastiki ya buluu, ya lita 200. Watu walinishauri mapipa ya chuma, lakini pipa la chuma lina kilo karibu 20 na hapa pwani chumvi italitoboa kabla ya mwaka kwisha, ilhali la plastiki halifiki nusu ya uzito huo. Mhimili ni bomba la chuma la inchi mbili lililotolewa kisimani. Kifaa ninachojivunia zaidi ni kipande cha ekseli ya nyuma ya Kirikuu, kile kigari kidogo cha mizigo, iliyopata ajali, nilichokatiwa na fundi wa kuchomelea pale Paje: bomba la ekseli, shafti yake ndani, beringi, na sahani ya gurudumu yenye boliti nne. Nikiisimamisha ekseli hiyo wima, rota, yaani mapipa yenyewe yanayozunguka, itafungwa pale gurudumu lilipokuwa likifungwa, na ncha ya shafti itatokea chini, tayari kwa kufungwa spoketi. Ngao ya breki na viatu vyake nimevivua na kuvitupa pembeni ili kupunguza uzito.

Huko juu rota itashikwa na beringi ya gurudumu la pikipiki, ndani ya fremu ya vyuma vya kitanda. Vyote vitakaa juu ya mnara wa tangi la maji ambalo halitumiki tena, wenye urefu wa mita tatu. Kabla ya kukubali mahali hapo nilifunga vipande vya kanga kuukuu kwenye mti mrefu, kimoja kila mita, nikausimamisha juani siku tatu. Chini ya mita mbili vitambaa vilicheza ovyo, vikijikunja na kugeuka nyuma kwa sababu ya ukuta na minazi. Kuanzia mita nne vililala upande mmoja vikatulia. Rota itaanzia mita tatu na nusu. Ningependa iwe juu zaidi, lakini mnara ni huo.

Sasa hesabu, ili nisije nikajidanganya. Kipenyo cha pipa ni sentimita 58 na kimo chake ni 88. Mapande nitayapishanisha kwa sentimita 10, kwa hiyo rota itakuwa na upana wa mita 1.06, na kwa mapipa mawili yaliyopandana eneo lake ni kama mita za mraba 1.87. Katika joto letu mita moja ya ujazo ya hewa ina uzito wa takriban kilo 1.16. Upepo wa mita 5 kwa sekunde unaopita katika eneo hilo umebeba wati 136 hivi. Albert Betz alikwisha kuonyesha mwaka 1919 kwamba hakuna rota inayoweza kuchukua zaidi ya asilimia 59.3 ya nguvu hiyo, na rota ya mapipa iliyotengenezwa kwa mkono ikikamata asilimia 15 imejitahidi. Hizo ni wati 20, kabla hata ya hasara za mnyororo na koili. Upepo ukifika mita 7 tunapata wati 56, kwa sababu nguvu hupanda kwa kasi ya upepo iliyozidishwa kwa yenyewe mara tatu. Nimemsomea baba mdogo tarakimu hizi. Akauliza wati 20 zinawasha nini, nikamwambia taa nne. Akasema taa nne zinatosha kushonea wavu.

5 Mei

Kazi imesimama wiki nzima kwa sababu ya kimbunga Hidaya, kilichofika jana maeneo ya Mafia. Huku kwetu kilituletea mvua na upepo mkali, boti zikazuiwa kutoka, na minazi miwili ikalala. Rota ilikuwa imelala chini bandani, mapande ya mapipa yamefungwa kamba, nami nilikaa usiku nikiusikiliza upepo na kufikiri ingekuwaje kama ningekuwa nimekwisha kuipandisha. Sikuwa na breki yoyote kwenye mchoro wangu. Leo nimeandika neno BREKI kwa chaki kwenye mlango wa banda.

9 Juni

Rota imesimama.

Ilichukua siku nne za mwisho wa juma, na sehemu kubwa ya muda huo haikuwa kupasua mapipa bali kuisawazisha. Tuliilaza rota juu ya vyuma viwili vya pembe vilivyopimwa kwa maji, mhimili ukiwa umekaa juu ya kingo zake, kisha tukaiachia. Upande mzito ulizama chini kila mara. Tukaongeza washa kwenye boliti za upande wa pili, moja moja, hadi ikafika hali ya kwamba ukiigeuza na kuiacha popote inakaa palepale. Washa kumi na moja, na nati moja kubwa ya mashine ya boti. Asiyekuwa na subira ya kazi hii asipandishe kitu chochote kinachozunguka juu ya vichwa vya watu.

Kosa moja lilitokea njiani. Fundi wa kuchomelea aliyapanga mapipa yote mawili yakiangalia upande uleule, kwa sababu ndivyo ilivyokuwa rahisi kwake kutoboa matundu. Rota hiyo ilizunguka vizuri ikishaanza, ila kulikuwa na pembe mbili ambazo ikisimama hapo haiondoki, hata upepo ukivuma kiasi gani. Ilitikisika tu kama mtu anayekataa chakula. Tumelifungua pipa la juu na kuligeuza robo ya duara, na sasa pipa moja likiwa katika pembe mbaya la pili huwa katika pembe nzuri. Tumeongeza pia sahani tatu za plaiwudi, juu, kati na chini, zilizo pana kuliko mapipa yenyewe ili upepo usitoroke kwenye miisho. Kabla ya sahani nilihesabu mizunguko 61 kwa dakika, na baada yake 74, upepo ukiwa takriban uleule kwa kipimaupepo cha mkononi nilichoazimwa na kijana anayefundisha mchezo wa tiara za baharini kule Paje.

Mchana huohuo niliunga altaneta ya gari, ingawa fundi umeme wa magari alikwisha kunikanya. Sina sababu ya kuirefusha habari hii. Altaneta ya gari huanza kuchaji inapopita mizunguko elfu moja kwa dakika, na rota yangu inapiga 70 hadi 100. Hata ningeipandishia kasi mara kumi na mbili kwa mikanda, altaneta haina sumaku ya kudumu: inataka ampea mbili hadi nne za betri ili ijitengenezee sumaku yake, yaani ingekula wati 30 kabla ya kutoa moja, na wati 30 ndizo ninazozitafuta. Imerudi kwa mwenyewe.

30 Juni

Wiki tatu hizi zimekwenda kwenye pangaboi, na nitaeleza kwa urefu kwa sababu nadhani wengi watapita njia hii kabla ya kuona inakoishia.

Wazo lenyewe ni zuri. Pangaboi ni mota ya mwendo wa pole, sehemu yake ya nje ndiyo inayozunguka, na ndani ina koili nyingi. Langu lina 14. Ukitoa ile pete ya chuma na alumini iliyo ndani ya ganda na kubandika sumaku 14 mahali pake, moja kaskazini moja kusini, unapata jenereta. Nilikwenda nalo mjini, Darajani, kwa fundi wa kusuka mota, mzee aliyekwisha kuona mengi. Alicheka akasema, "Miaka yote watu wananiletea nilitengeneze litoe upepo. Wewe mwanangu unataka liule." Alinikerezea ganda kwa uangalifu mkubwa na hakuchukua pesa kamili.

Sumaku nilizitoa kwenye diski za kompyuta chakavu. Zina nguvu za ajabu kwa ukubwa wake, vidole vyangu viwili vinashuhudia. Nilizibandika zote 14 kwa gundi ya epoksi, nikafunga, nikazungusha kwa mkono, na mita ikaonyesha volti ambazo ni aibu kuziandika. Nilidhani koili zimeungua. Usiku nikaichukua dira ya boti ya baba mdogo na kuipitisha taratibu juu ya sumaku moja ambayo nilikuwa sijaibandika. Sindano ilielekea upande mmoja, na nilipofika katikati ya sumaku ikageuka ghafla. Nikairudisha, ikageuka tena. Kumbe sumaku ya diski ina ncha mbili juu ya uso mmoja, nusu kaskazini na nusu kusini, kwa sababu ndani ya diski ndivyo kazi yake inavyotaka. Na mimi nilikuwa nimebandika kaskazini na kusini chini ya koili moja, zikifutana. Ilinibidi kuzibandua zote, kuzifunga kitambaani na kuzivunja katikati kwenye jiliwa. Pale zilipovunjika hazina tena ule ung'avu wa juu, na kwa hewa yetu ya chumvi zilianza kuota kutu kabla ya wiki kwisha, kwa hiyo nimezifunika kwa rangi.

Baada ya hapo volti zilikuja. Kwa mizunguko 90 kwa dakika nilipata volti 40 bila mzigo, nikafurahi mno, nikaunga rektifaya, kifaa cha kuufanya umeme wa koili uende upande mmoja tu, na betri. Ampea 0.12. Yaani wati moja na nusu.

Sababu ni wembamba wa waya. Koili za pangaboi zina mizunguko mingi ya waya kama unywele, na upinzani wake nimeupima ni omu 180. Umeme unazaliwa humo na kufia humo. Nikarudi kwa mzee wa Darajani nikamwomba alisuke upya kwa waya mnene. Alinikatalia, na maelezo yake nimeyapima kwa kalamu nikaona ni ya haki: nafasi ya shaba ndani ya pangaboi ni ileile, kwa hiyo ukiweka waya mnene mizunguko inapungua, volti zinashuka kadiri ampea zinavyopanda, na wati zinabaki zilezile. Dawa pekee ni kuongeza kasi. Mara tatu ya kasi ingenipa mara tisa ya nguvu, lakini mara tisa ya kitu kidogo hivi haikunivutia tena.

Pangaboi nimelitundika bandani kama lilivyo.

28 Julai

Wiki ya Mwaka Kogwa hakuna aliyefanya kazi; tulikwenda Makunduchi kama kawaida. Nikiwa huko mtoto wa shangazi akanionyesha hovabodi yake iliyokufa, ile ya kusimama juu yake yenye magurudumu mawili. Vitu hivi huja na bidhaa zilizotumika kutoka nje, betri zake hufa mapema, na baada ya hapo hutupwa. Nilimpa shilingi 15,000 akaona amenipunja.

Ndani ya kila gurudumu kuna mota kamili yenye sumaku 30 za kudumu na meno 27 ya koili za waya mnene. Zinatoka nyaya tatu nene, ya njano, ya kijani na ya buluu, na nyaya tano nyembamba za kupima mkao wa gurudumu, ambazo mimi sizihitaji na nimezikata. Kwa sababu idadi ya sumaku na ya meno hazigawanyiki vizuri kwa pamoja, gurudumu halishiki sana likiwa limesimama. Ukiligeuza kwa vidole unahisi vijikwazo vidogo tu, na rota inaweza kuanza katika upepo mdogo. Nimevua mpira wa gurudumu na kufunga spoketi ya baiskeli ya meno 18 kwenye kifuniko chake. Chini ya shafti ya Kirikuu nimefunga spoketi ya mbele ya baiskeli yenye meno 44. Rota ikizunguka mara 100 mota inazunguka mara 244.

Kwa mizunguko 240 kwa dakika mota inatoa volti 14.5 baada ya rektifaya, bila mzigo. Nikitoa volti 1.4 zinazoliwa na dayodi za rektifaya mzigo ukiungwa, kuchaji kutaanza rota ikifika mizunguko 95 hivi.

Breki pia imepatikana bila gharama. Nyaya tatu za mota ya sumaku ukiziunganisha pamoja, mota inakuwa nzito kama iliyozamishwa asali, na rota inabaki kujivuta. Nimeweka swichi kubwa ya visu kwa kazi hiyo, nikalifuta neno la chaki mlangoni.

11 Agosti

Nililifuta mapema.

Alhamisi usiku kusi ilizidi, na kwenye saa nne tulisikia mnyororo ukilia, kisha mlio mwingine kabisa, wa mfululizo, kama boti inayokuja ufukweni bila kupunguza mwendo. Mnyororo ulikuwa umetoka kwenye spoketi. Kwenye baiskeli mnyororo husimama wima na uzito wake huukalisha kwenye meno. Wangu umelala ubavu, na ukilegea kidogo unaning'inia na kuvuka meno kwa upande wa chini. Nilikimbilia swichi nikaipiga, na hapo ndipo nilipoelewa ujinga wa mpango wangu: breki iko kwenye mota, na mota imekwisha kuachana na rota. Mtambo ulikuwa huru. Kwa taa ya simu sikuweza kuhesabu mizunguko, lakini naamini ilipita 200, na mnara mzima ulikuwa ukitetemeka.

Baba mdogo hakusema neno. Alichukua jarife kuukuu, wavu wa samaki wakubwa, lililokuwa limeanikwa uani, akapanda ngazi ya mnara hadi chini ya fremu, akalirusha kama anavyorusha siku zote. Rota ililimeza. Ilijisokotea jarife lote pingili mbili tatu, ikaguna, ikasimama. Simshauri mtu yeyote kufanya hivyo, wala sitamruhusu mzee kupanda tena huku rota inazunguka. Kama kamba ingemshika mkono tungekuwa tunaandika habari nyingine.

Asubuhi tulikuta pande moja la pipa la chini limepasuka kuanzia matundu ya boliti, ufa wa urefu wa shubiri. Tumeutoboa mwisho wake ili usiendelee, tukaweka kiraka cha plastiki ileile kwa riveti, na kila boliti sasa ina bamba la alumini chini yake la kutawanya mkazo. Na vile viatu vya breki vya Kirikuu, nilivyovivua Aprili kwa ajili ya kupunguza uzito, nimevitafuta kwenye lundo na kuvirudisha mahali pake pamoja na waya wa breki ya mkono. Viko juu ya mnyororo, kwenye rota yenyewe, kwa hiyo mnyororo ukitoka breki inabaki. Mpini wake uko chini, kwenye kimo cha kifua. Chini ya spoketi zote mbili nimeweka sahani za bati zinazouzuia mnyororo usianguke, pamoja na kigurudumu cha kuukaza.

Jirani alikuja kulalamika kuhusu kelele, na alikuwa na haki. Nimemwonyesha mpini wa breki na namna ya kuuvuta.

25 Agosti

Kipimo cha kwanza cha kuaminika, siku tatu mfululizo, kipimaupepo kikiwa kimefungwa kwenye kimo cha katikati ya rota.

Kuchaji kunaanza upepo unapofika mita 4.5 kwa sekunde. Katika mita 6 nimesoma ampea 1.4, katika mita 7, ampea 2.3 kwa volti 13, yaani wati 30. Dakika chache za mita 8 zilinipa ampea 3.4. Nguvu ya rota niliyoikadiria Aprili kwa mita 7 ilikuwa wati 56, kwa hiyo karibu nusu inapotelea kwenye mnyororo, koili na dayodi. Dayodi peke yake zinakula wati tatu na zaidi, na zinachemka hadi nimezifunga kwenye kipande cha kichwa cha injini ya boti ili zipoe.

Jambo moja la kuwaonya wenye kontrola za paneli za jua: usiunge mtambo wa upepo humo moja kwa moja. Betri ikijaa, kontrola ya jua hukata njia, na paneli haioni taabu kukatiwa. Mtambo ukikatiwa unabaki bila mzigo na unakimbia. Mimi nimeweka rilei inayohamisha umeme kwenye balbu ya taa kubwa ya gari, ya wati 55, betri inapofika volti 14.4. Usiku wa upepo mkali balbu hiyo huwaka kidogo juu ya mlango, na wavuvi wanaorudi wameanza kuitumia kujua mlango uko wapi.

Je, inafaa kwa gharama? Kwa vitu, nauli na kuchomelea nimetumia pesa ambazo zingeninunulia paneli ya wati 100, na paneli haipasuki usiku wala haihitaji jarife. Anayetaka taa tu, bila hamu ya kazi yenyewe, anunue paneli. Ila sisi paneli tulikuwa nayo, na ilichokosa ni usiku na siku za mawingu, ambazo ndizo saa kusi huwa haipumziki.

15 Septemba

Kusi inalegea. Leo nimevuta breki na kufungua beringi ya juu, kwa sababu tangu wiki iliyopita ilikuwa ikilia. Juni niliivua mifuniko ya mpira ili izunguke kwa wepesi na kuitia mafuta mepesi badala ya grisi. Wepesi niliupata kweli, na chumvi nayo ikaingia. Golori zimeshapata madoa ya kahawia. Nimeweka beringi mpya yenye mifuniko yake, nikaikatia kofia ya kopo la maziwa juu, na rota haijaonyesha uzito wowote wa kupimika kwa hilo.

Ekseli ya Kirikuu haina dosari. Mnyororo umerefuka kwa kiasi cha nusu pingili, nimeukaza. Kiraka cha pipa kimeshika.

Betri ilisoma volti 12.7 leo alfajiri baada ya taa nne kuwaka kutoka magharibi hadi saa tano usiku na simu sita kuchajiwa. Hovabodi ilikuwa na magurudumu mawili, na la pili liko sandukuni. Nataka kulifunga upande wa pili wa mnyororo uleule kabla kaskazi haijaanza, nione kama koili mbili zinazogawana mzigo zitapunguza ule moto wa ndani. Baba mdogo ameulizia kama gurudumu hilo haliwezi kuendesha pampu ya maji ya boti. Nimemwambia tumalize hili kwanza, naye ameshalitoa sandukuni na analigeuza kwa vidole.